Kila Wiki Mara Mbili

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa zuri tu, ila halikudumu. Tangu alipoingia kupika katika jiko la shule ya bweni, akiwa bado msichana, watu walimwita Mama Nyongeza, na kilichomponza ni upawa wake. Sheria ya shule ilikuwa mtoto mmoja, upawa mmoja wa maharage, na mwalimu wa zamu alisimama pale mlangoni kuhakikisha. Mama Nyongeza alichota upawa mmoja, akamtazama mtoto usoni, na kama mashavu yamebonyea au macho yamevimba kwa kulilia nyumbani, upawa ulirudi sufuriani eti kukung'utwa, kisha ukatoka umejaa. Mwalimu akimkemea, jibu lilikuwa lilelile.

"Mkono wangu una kigugumizi, mwalimu. Unarudia rudia."

Nyama ililiwa kila wiki mara mbili. Ratiba ya chakula iliyobandikwa ukutani ingeweza kuungua moto naye asibabaike, maana yote alikuwa nayo kichwani. Wanafunzi wapya, wale ambao matumbo yao yalikuwa hayajazoea, walimuuliza kwenye foleni, "Mama, nyama lini?" Naye alijibu bila kuinua macho, "Kila wiki mara mbili, songa mbele." Aliyasema maneno hayo miaka nenda miaka rudi, mpaka yakawa yanamtoka yenyewe, kama mtu anavyoitikia hodi.

Mumewe alikuwa fundi saa. Alikuwa na kibanda cha vioo chini ya ngazi za jengo la maduka, na humo alikaa kutwa nzima, lenzi jichoni, mgongo umepinda, akitia mafuta kwenye magurudumu ya saa kwa ncha ya sindano. Tone moja. "Ukizidisha, mafuta yanakamata vumbi na saa inasimama," alipenda kusema, na alilisema hilo huku akimtupia mkewe jicho la pembeni. Ndoa yao nzima ilikuwa utani huo: mume wa tone, mke wa upawa. Ila mezani fundi alilisahau tone lake. Alipenda supu ya nyama yenye chumvi ya kuuma ulimi, na aliongeza nyingine juu ya ile ya jikoni kabla hata hajaonja. Alipoanza kuota mvi, watu wakawa wanasema kwamba fundi sasa amekula chumvi nyingi, wakimaanisha umri. Mkewe alicheka peke yake, maana yeye alijua ni kweli kwa kila namna.

Kisha simu zikaanza kuonyesha saa, na kibanda kikafa. Baadaye shule nayo ikamstaafisha mpishi wake, ikampa makofi na saa ya ukutani, zawadi ya kumpa mke wa fundi saa! Fundi aliifungua siku hiyohiyo, akachungulia ndani, akasema haina roho, ni plastiki tupu, akaitundika hivyohivyo kwa heshima ya mkewe.

Kwa kilichofuata hakuna aliyekuwa amemwandaa. Aliamka mapema kama kawaida, akaingia jikoni, akakuta sufuria moja ndogo ya watu wawili. Watoto wao walikuwa wameshaondoka na maisha yao, mbali, wakipiga simu siku za mapumziko na kuuliza hali harakaharaka. Mtu aliyelisha bweni zima hatosheki na mume mmoja. Tusidanganyane, yule mama alikuwa mgonjwa, ingawa hakuna hospitali inayopima ugonjwa wa namna hiyo. Alitembea ndani ya vyumba vyao viwili mikono ikimning'inia, akifungua vifuniko vya sufuria tupu na kuvifunga.

Mimea ndiyo iliyomwokoa, au ndivyo alivyodhani. Ulianza mche wa mlimau kwenye ndoo ya rangi. Yakafuata mawaridi mawili kwenye vyungu, mimea ya kutambaa dirishani, mshubiri kwenye kopo la maziwa, na mchicha kwenye kile kipande chembamba cha udongo kando ya ukuta wa uani. Vyote alivinunua kwa muuza miche wa kona ya barabara, mwanamume mwenye ulimi mkali aliyeitwa Kidole, kwa sababu hakuna udongo aliouona akaacha kuuchoma kidole. Kidole alikuwa na tabia yake moja. Kwake mimea yote ilikuwa watu. Hakusema mche huu wala mti ule. Alisema huyu, yule, hawa. "Huyu hapendi jua la mchana. Yule ameshiba maji, mwacheni alale." Mteja mgeni angeweza kudhani anasimuliwa habari za shemeji zake.

Siku Mama Nyongeza aliponunua mbolea yake ya kwanza, ile ya chumvichumvi ya kuyeyusha kwenye maji, Kidole alimpa maelekezo huku akimfungia mteja mwingine miche.

"Wa kwenye vyungu, kifuniko kimoja kwa ndoo ya maji. Udongo uwe na unyevu kwanza, usimlishe mtu mwenye kiu. Kila wiki mbili mara moja, basi. Msimu wa baridi wakilala, usiwape kitu. Mshubiri mwache, huyo akila mara moja kwa mwaka ameshiba. Wa mchicha watilie samadi wakati wa kupanda, na kidogo tena ukishachuma. Umenielewa, mama?"

"Nimekuelewa, mwanangu. Mimi ni mpishi."

Akarudi nyumbani akiyarudia maneno njiani, kama alivyozoea kurudia ratiba. Mahali fulani kati ya kona ya Kidole na mlango wake, ulimi ukafuata njia uliyoizoea. Ilitoka kwa Kidole ikiwa kila wiki mbili mara moja, ikaingia nyumbani ikiwa kila wiki mara mbili. Mtu ambaye hajawahi kupika bwenini asingekosea hivyo. Yeye hata hakuhisi kwamba kuna kitu kimegeuka.

Mwanzoni ilikuwa raha. Majani yalikoza kijani, mlimau ukarefuka, waridi likatoa maua makubwa kama ngumi. Fundi, aliyekuwa akishinda kwenye kiti cha uani, alitikisa kichwa. "Mpishi, hata majani umeyanenepesha." Mama Nyongeza alisikia mwili unamrudia. Siku za kulisha alizingoja, na kopo la kumwagia alilishika kama alivyokuwa akishika upawa, akimpitia kila mmoja kwa zamu, na aliyeonekana mnyonge alipata zaidi.

Kisha ncha za majani zikaanza kukauka. Zilikuwa za kahawia kwanza, halafu zikapukutika zikishikwa. Majani ya chini yakaanguka. Waridi likajikunja, na juu ya udongo wa vyungu, hasa kandokando, ukatanda ukoko mweupe ambao yeye aliufuta kwa kitambaa akidhani ni ukungu. Shida ya mmea uliolishwa kupita kiasi ni kwamba usoni unafanana na wenye njaa. Unanyong'onyea vilevile, unakauka vilevile. Na hakuna mtu duniani aliyeujua uso wa njaa kama Mama Nyongeza. Akaongeza.

Katika miezi hiyohiyo miguu ya fundi ilianza kuvimba. Soksi zilimwachia alama nzito, viatu vikakataa kuingia. Daktari wa hospitali alimpima, akawaambia wote wawili kwamba figo zimechoka, haziwezi tena kutoa chumvi na maji mwilini inavyotakiwa. Chumvi aiache. Maji anywe kwa kipimo. Nyama apunguze sana.

Mama Nyongeza alijitahidi, haki ya Mungu. Alipika bila chumvi, akampakulia, akakaa kumtazama. Fundi alitafuna kama mtu anayetafuna kitambaa.

"Mpishi, hiki ni chakula au adhabu?"

"Ni dawa, Mzee."

"Basi niandikie nyingine."

Alicheka, lakini sahani aliisukuma. Siku ya pili aliisukuma tena. Mashavu yakaanza kubonyea, na uso ule ukamwangalia mkewe kutoka ng'ambo ya meza, uso uleule wa kwenye foleni ya maharage. Nani angevumilia? Alianza na chembe chache za chumvi, akijiambia hazihesabiki. Kisha chembe nyingine. Kisha mkono ukapata kigugumizi chake cha zamani. Fundi hakuuliza kitu. Alionja, akainamia bakuli akala mpaka mwisho, na alipoinua uso alikuwa anatabasamu. Hawakuzungumza juu ya jambo hilo hata siku moja.

Kliniki nesi aliuliza, "Chumvi mnatumia?"

"Hata chembe, binti yangu," alisema Mama Nyongeza.

"Hata chembe, nesi," akaitikia fundi. "Nakula kama mbuzi."

Wakatoka pale wameshikana mikono kama watoto walioiba sukari.

Alasiri moja Kidole alipita kuleta mfuko wa udongo. Alifika uani, akasimama, mfuko bado uko begani. Akautua. Akauchoma udongo wa mlimau, kisha wa waridi, akakwangua ule ukoko mweupe kwa ukucha na kuutazama.

"Mama, hawa umewafanyaje?"

"Wana njaa, mwanangu. Nawalisha, hawashibi."

"Unawalisha kila lini?"

"Si kama ulivyosema? Kila wiki mara mbili."

"Nilisema kila wiki mbili mara moja."

"Ndiyo. Si ndiyo hiyohiyo?"

"Hiyohiyo vipi? Mama! Mimi nimesema wiki ziwe mbili, kula kuwe kumoja. Wewe umefanya wiki moja, kula kuwili." Alimwonyesha kwa vidole, kama mwalimu wa chekechea. "Hawana njaa hawa. Umewaunguza. Hii ni chumvi, ona, imejaa chunguni haina pa kutokea, inawakausha mizizi. Wamwagie maji mengi yapite chini yatoke, urudie, halafu usiwape kitu. Kitu chochote! Wakikulilia, waache walie."

Fundi, pale kwenye kiti chake, miguu juu ya ndoo iliyopinduliwa, alikuwa akisikiliza. Akaangua kicheko. "Tone moja!" alisema. "Miaka yote namwambia, tone moja!" Alicheka akashika mbavu, akacheka machozi yakamtoka, kisha akawa anavuta pumzi na pumzi haiji. Midomo ikabadilika rangi. Kidole ndiye aliyembeba mgongoni mpaka barabarani kutafuta gari.

Maji yalikuwa yamejaa kifuani. Walimwekea mpira wa hewa puani, wakamchoma sindano, na daktari akasimama kando ya kitanda akishangaa kwa sauti. Mtu asiyeonja chumvi kabisa anajaaje maji namna hii? Mama Nyongeza aliinamia sakafu. Alifungua kinywa kusema, na mumewe, macho yakiwa yamefumbwa, akamfinya mkono chini ya shuka. Akakifunga. Huo ndio ulikuwa mwisho wa ukweli katika jambo lile, na mimi sijui nimlaumu nani, maana yule mzee alimfinya kwa mapenzi.

Lakini maneno ya Kidole hayakumtoka. Hii ni chumvi, imejaa haina pa kutokea. Alikaa kwenye benchi la wodini akautazama mkono wake wa kulia, ule uliosifiwa na kizazi kizima cha watoto wa bweni, na akauogopa. Mimea aliiunguza kwa mkono huo. Mumewe naye kwa mkono huo huo. Akaapa kwamba kuanzia siku ile, kama fundi atatoka humo ndani, hatampa kitu asichoruhusiwa, hata alie damu.

Fundi alitoka, akiwa mwepesi, kwenye kiti cha magurudumu walichoazimwa na hospitali. Mama Nyongeza aliimwaga chumvi yote iliyokuwa kwenye kopo, akalisafisha kopo, akalifungia. Alipika, akapima, akapakua mara moja. Yule aliyekuwa na mkono wenye kigugumizi sasa akawa mkono wa birika.

Waliporudi kliniki, fundi aliingizwa chumbani kupimwa uzito. Nesi akamvuta mama pembeni, kwenye korido iliyojaa watu, akamshika bega. Sauti yake ilikuwa ya upole kuliko siku nyingine, na Mama Nyongeza hakujiuliza kwa nini.

"Mama, mpe supu yake. Bakuli dogo, na kipande cha nyama, na chumvi kidogo sana. Kila wiki mara mbili. Asikae hivihivi tu."

Akaitwa ndani, akaondoka na mafaili yake.

Kila wiki mara mbili. Nyama. Mama Nyongeza alisimama pale ukutani kama aliyeitwa jina lake. Yalikuwa maneno yake mwenyewe, yaleyale ya kwenye foleni, na hilo ndilo lililomtia shaka. Sikio limenifanyia tena, alijiambia. Sikio langu linasikia linachokitaka. Nesi amesema kila wiki mbili mara moja, na mimi nimegeuza, kama nilivyogeuza kwa mimea. Mtu wa figo, aliyetoka juzi kwenye mpira wa hewa, ataruhusiwaje nyama na chumvi kila wiki mara mbili, kama mtoto wa shule? Haiwezekani. Safari hii hunipati.

Angeweza kungoja nesi atoke akamuuliza tena. Neno moja tu. Lakini mwenye hatia huona haya hata kwa jambo dogo. Aliogopa kwamba akiuliza habari za chumvi, naye ataulizwa. Akakisukuma kiti cha mumewe mpaka nje.

"Nesi amekuruhusu supu," alimwambia njiani.

Fundi akageuza shingo. "Supu supu?"

"Ya nyama. Na chumvi kidogo. Kila wiki mbili mara moja."

"Una hakika?"

"Nina hakika, Mzee wangu. Safari hii nimesikia vizuri."

Bakuli la kwanza alilipika siku hiyohiyo. Fundi alilishika kwa mikono miwili, akalinusa kwanza, akafumba macho. Alikunywa polepole, akiacha nafasi kati ya kijiko na kijiko, na kile kipande cha nyama alikihamisha upande huu wa kinywa na upande ule mpaka kikaisha chenyewe. Halafu akazungumza. Jioni ile alizungumza kuliko alivyozungumza mwezi mzima, akamkumbusha mkewe siku walipokutana, yeye akiwa amekuja shuleni kuchukua saa ya mkuu akaitengeneze, na msichana wa jikoni akampa sahani ya chakula ambayo hakuiomba. "Nilirudisha ile saa ikiwa haijatengenezwa vizuri," alisema. "Makusudi. Ili nirudi kula." Mama Nyongeza alicheka mpaka akafuta macho. Ilikuwa jioni njema, na tuiache hapo, maana hawakupata nyingine kama hiyo.

Siku chache baadaye aliuliza, "Leo ndiyo?"

"Bado, Mzee."

"Lini?"

"Si wiki ijayo. Ile ya baada yake."

Kuna watu wanaodhani kwamba kunyima ni kazi nyepesi, ya kukaa tu usitoe. Waongo. Mama Nyongeza hakuwahi kuchoka jikoni kwa mamia ya watoto kama alivyochoka kwa kumnyima mtu mmoja. Kila alipomwekea mezani kile chakula kisicho na ladha, alitazama ukuta. Mwili wa fundi ulikuwa unaisha. Mifupa ya shingo yake ilionekana, saa aliyovaa ilizunguka mkononi mpaka akaivua. Mkewe aliona, na moyo ukamwambia ni njaa, na yeye akaukatalia moyo. Si njaa, alijisemea. Mimea nayo nilidhani ina njaa.

Na mimea, sijui ni kwa ubaya gani, ilikuwa inapona. Aliimwagia maji mengi kama alivyoagizwa, maji yakapita chini yakatoka na weupe wake, kisha hakuipa kitu. Mlimau ulikaa kimya wiki nzima na nyingine, ukiwa vijiti vitupu, halafu ukatoa jani dogo linalong'aa. Mama Nyongeza aliligusa kwa ncha ya kidole. Akajipa moyo. Basi ni kweli, anayenyimwa hupona.

"Umenichoka, Mpishi," fundi alimwambia siku moja, sahani ikiwa haijaguswa. Hakuwa anatania. "Sema tu. Mtu akichokwa aambiwe."

"Nikuchoke wewe nibaki na nani? Nataka uishi."

"Niishi nifanye nini?"

Alikwenda jikoni, akafunga mlango, akang'ata taulo la vyombo kwa meno. Chumvi ilikuwa juu ya kabati, ndani ya kopo jipya alilonunua kwa ajili ya ile siku ya supu. Angenyoosha mkono tu. Alingoja mpaka mkono ukatulia, akatoka, akachukua sahani. Fundi alikuwa amegeuza uso.

Bakuli la pili lilikuja kwa siku yake. Alilinywa, hakuzungumza. Alilala palepale kwenye kiti, na usingizini alikuwa bado anameza.

Wiki zile mbili za mwisho zilikuwa ndefu. Fundi hakutoka tena uani. Alilala akitazama ile saa ya plastiki ukutani, aliyoidharau, na kila asubuhi aliuliza, "Leo ndiyo?" Mtu aliyetengenezea watu saa maisha yake yote, sasa akiuliza siku kwa mkewe. Na mkewe alimjibu kwa ukweli wote aliokuwa nao.

Siku moja kabla, Mama Nyongeza alikwenda kununua nyama mapema, ili kesho isimkute anahangaika. Alichagua kipande kizuri, chenye mfupa. Aliporudi akakiosha, fundi akasikia harufu, au labda alisikia kisu tu.

"Leo ndiyo?"

"Kesho, Mzee wangu. Nyama ninayo tayari."

"Kesho ni mbali."

"Ukilala ukiamka, ni kesho."

Akageuza uso kuelekea jikoni. "Nipe hata mchuzi. Kijiko kimoja. Nyongeza, Mama Nyongeza." Alijaribu kutabasamu, na jina lile la utani likatoka kinywani mwake kavu.

Alimtazama. Alimpenda mtu huyu kuliko pumzi yake, na alikuwa na hakika. "Kesho," alisema.

Asubuhi alimkuta amekwisha kuwa baridi, uso umeelekea mlango wa jikoni.

Watu walikuja, kama wanavyokuja. Jirani mmoja aliyeingia jikoni kusaidia aliikuta ile nyama, akaichemsha pamoja na nyingine kwa ajili ya waombolezaji. Mama Nyongeza alikuwa amekaa chini, kitambaa kichwani, aliposikia mwanamume mmoja nje akisifu supu kwamba imekolea chumvi sawasawa. Watoto wake, waliofika kwa haraka, walidhani amezimia kwa uchovu.

Baada ya mazishi, watoto walipoondoka, alikirudisha kile kiti cha magurudumu hospitalini. Alikisukuma mwenyewe kikiwa kitupu. Nesi alimwona kutoka mbali, akaja, akamkumbatia palepale kwenye korido.

"Pole sana, mama. Usijilaumu. Daktari alijua tangu siku ile tulipompima uzito kwamba hakuna tena cha kufanya. Figo zilikuwa zimekufa. Ndiyo maana nikakwambia umpe supu yake kila wiki mara mbili. Tulisema angalau afurahi hizi siku zake. Alifurahi?"

Korido ilikuwa na watu walewale, au wanaofanana nao. Mtoto alikuwa analia mahali fulani. Mama Nyongeza aliyasikia maneno yale yakiingia, moja baada ya jingine, kwa mpangilio wake, na safari hii hakuna lililogeuka.

"Alifurahi," alisema. "Asante, binti yangu."

Nyumbani alimkuta Kidole uani. Alikuwa amepita kumpa pole, na kwa kuwa hakujua kukaa bure, alikuwa amechuchumaa kati ya vyungu, akikagua mmea mmoja baada ya mwingine. Mlimau ulikuwa umejaa majani mapya. Waridi lilikuwa na kichipukizi. Kidole alikuwa amefurahi kwa ajili yake, masikini, akidhani kwamba hicho ndicho kitu kizuri pekee alichoweza kumletea mjane.

"Wamepona, mama. Wote. Umejua kuwavumilia." Aliuchoma udongo wa ile ndoo ya rangi, akaacha kidole humo akipima unyevu. "Sasa anaweza kula tena huyu, taratibu. Mara ya mwisho alikula lini?"

Mama Nyongeza alikuwa ameshika kizingiti cha mlango wa jikoni.

"Ilibaki siku moja," alisema. "Nyama nilikuwa nayo. Aliniomba kijiko."

Kidole akachomoa kidole udongoni, akasimama, na hakujua akipanguse wapi.